Nani Analipia Swali? Utangulizi wa Somo la Ufadhili wa Utafiti

Somo unaloliingia linafuatilia fedha zinazolipia utafiti wa kisayansi: zinatoka mfuko gani, zinapitia mikono ya nani, na zinamfanya mtafiti aulize nini na aache nini. Wengi hulifikia wakiwa wameshachagua upande. Yupo anayeamini kwamba sayansi ni kazi ya serikali na kampuni hutafuta faida tu. Yupo anayeamini kwamba fedha za serikali huishia kwenye semina na posho, ilhali kampuni huleta dawa inayoonekana dukani. Baki na upande wako kwa sasa. Nitakupitisha katika historia ya ugonjwa mmoja, malale, na kandokando yake nitazungumzia muhogo na mbung'o wa Unguja, kwa kuwa karibu kila hoja kubwa ya somo hili imewahi kujaribiwa juu ya miili na mashamba ya watu wa ukanda wetu.

Katika miaka ishirini ya mwanzo ya karne iliyopita, malale iliua zaidi ya watu 200,000 upande wa kaskazini wa Ziwa Victoria, hasa Busoga na visiwani. Serikali za kikoloni ziliona vijiji vikibaki vitupu na nguvukazi ikitoweka, zikafungua hazina. Kwa fedha za Uingereza, David Bruce na wenzake walionyesha mwaka 1903, huko Entebbe, kwamba mbung'o ndiye anayeeneza vimelea vya ugonjwa huo. Kwa fedha za Ujerumani, Robert Koch alipiga kambi visiwa vya Ssese mwaka 1906, akawadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Baadhi yao walipofuka. Zote hizo zilikuwa fedha za umma, na hapo ndipo ninapotaka mwanafunzi asimame kwanza. Umma uliolipa ulikuwa London na Berlin. Waliodungwa walikuwa watu wa kando ya ziwa, wasiokuwa na mbunge wa kuuliza kwa nini kipimo cha dawa kinaongezwa. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba utafiti fulani umelipiwa na umma, uliza ni umma upi, na kama ndio huo utakaobeba hatari yake.

Mwaka 1916 wanakemia wa kampuni ya Bayer walitengeneza dawa iliyokuwa bora kuliko atoksili. Waliiita Bayer 205. Leo inajulikana kama suramini, na kwa miongo mingi ilikuwa dawa ya hatua ya mwanzo ya malale ya Afrika Mashariki. Kampuni ilificha muundo wake wa kikemia. Huko Paris, Ernest Fourneau wa Taasisi ya Pasteur pamoja na wenzake waliusaka muundo huo, wakitengeneza kemikali moja baada ya nyingine, mpaka wakaupata na kuutangaza mwaka 1924. Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama ushindi wa sayansi huru dhidi ya tamaa ya kampuni. Mimi nakisoma kwa uangalifu zaidi. Dawa ile isingekuwapo bila maabara za kampuni zilizokuwa na uzoefu mrefu wa kemia ya rangi za nguo, na Fourneau alikuwa na cha kusaka kwa sababu Bayer walitangulia. Tena Taasisi ya Pasteur yenyewe haikuanzishwa na serikali. Ilianzishwa kwa michango ya watu, mwaka 1887. Tayari tuna walipaji wa aina tatu, na mgawanyo wa umma na binafsi unaanza kutubana.

Nadharia ilikuja baadaye, nami nitaigusa kwa ufupi kwa kuwa sura zijazo zitarudi kwayo mara nyingi. Mwaka 1945 Vannevar Bush, aliyekuwa amesimamia utafiti wa kivita wa Marekani, alimkabidhi rais wa nchi hiyo ripoti iliyotaka serikali ibebe utafiti wa msingi hata wakati wa amani. Miaka mitano baadaye Marekani ikaunda taasisi ya taifa ya kufadhili sayansi. Wachumi Richard Nelson mwaka 1959 na Kenneth Arrow mwaka 1962 walitoa sababu ya kiuchumi. Maarifa yakishatoka hayarudishwi ndani. Aliyegharamia kuyapata hawezi kumtoza kila anayeyatumia, na akijaribu kuyafungia, jamii inapoteza faida ambayo ingepatikana bila gharama ya ziada. Matokeo yake ni kwamba soko likiachwa peke yake litalipia utafiti kidogo kuliko unaohitajika, hasa ule ambao matunda yake yako mbali au hayajulikani. Hataza ni jaribio la kutibu tatizo hilo: mvumbuzi aeleze hadharani alichokipata, naye apewe miaka kadhaa ya kukiuza peke yake. Tiba hiyo hufanya kazi pale tu ambapo kuna mnunuzi.

Muhogo unaonyesha pale ambapo mnunuzi hayupo. Kituo cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwahudumia wenye mashamba makubwa. Waingereza walikiendeleza. Katika miaka ya 1930 Harold Storey na wenzake walianza pale kazi ambayo mwenye shamba la mkonge hakuihitaji hata kidogo: kutafuta muhogo unaostahimili ugonjwa wa batobato. Waliuchavusha muhogo kwa jamaa zake, ukiwamo mpira wa Ceara, kisha wakaurudisha uzao kwa muhogo kizazi baada ya kizazi, hadi wakapata mimea inayovumilia ugonjwa na bado ina mizizi ya kuliwa. Ilichukua takriban miaka ishirini. Uzao huo ulipelekwa Nigeria, baadaye ukawa msingi wa kazi ya IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo huko Ibadan, na batobato kali ilipoyaangamiza mashamba ya Uganda katika miaka ya 1990, miongoni mwa mbegu walizogawiwa wakulima zilikuwamo zenye asili ya Amani.

Sasa jiulize kampuni ingelipwaje kwa kazi hiyo. Muhogo hupandwa kwa pingili za shina. Mkulima akinunua mzigo mmoja, msimu unaofuata ana pingili za kuwapa shemeji, jirani na mkwe, na hakuna ukaguzi utakaomzuia. Kwa mwenye kuuza, huo ni mwisho wa biashara. Kwa nchi, ndiyo njia ya haraka na ya bei nafuu kuliko zote ya kueneza mbegu bora. Sijapata mfano ulio wazi kuliko huu wa hoja ya Arrow, na umetoka Amani.

Unguja inakwenda mbali zaidi, kwani pale kilichozalishwa hakishikiki kabisa. Kati ya 1994 na 1997 serikali, kwa kushirikiana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, iliendesha kazi ya kuwamaliza mbung'o kisiwani. Madume walizalishwa kwa wingi Tanga, wakapigwa mionzi ya gama mpaka wakawa tasa, kisha wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, wiki baada ya wiki. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja maishani. Akipandwa na dume tasa, hazai. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na nagana iliyokuwa ikidhoofisha ng'ombe ikatoweka. Mbinu yenyewe ilitokana na kazi ya Edward Knipling na wenzake katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, waliotafuta namna ya kummaliza nzi anayeshambulia mifugo wa kwao. Kilichobaki Unguja ni hewa isiyo na mbung'o. Huwezi kuifunga kwenye pakiti, wala huwezi kumnyima mfugaji asiyechangia. Asingeilipia mtu binafsi yeyote kwa matarajio ya faida, na hilo si kosa la mtu binafsi huyo.

Turudi kwa malale, maana hapo ndipo sekta binafsi inapoonekana kwa sura zake zote. Vimelea vikishaingia kwenye ubongo, suramini haifui dafu. Kuanzia 1949 wagonjwa walitegemea melasoproli, dawa nyingine ya aseniki, inayounguza mishipa inapodungwa na iliyoua takriban mgonjwa mmoja kati ya ishirini waliotibiwa. Muuguzi wa Kongo au kaskazini mwa Uganda alidunga akijua hivyo. Halafu ikaja eflonithini. Kampuni ya Merrell Dow ilikuwa imeichunguza kwa ajili ya saratani. Ikagundulika kwamba inawaamsha wagonjwa wa malale waliokuwa wameshapoteza fahamu, na mwaka 1990 ikasajiliwa Marekani kwa ugonjwa huo. Miaka michache baadaye utengenezaji wake ulisimamishwa. Dawa ilifanya kazi. Waliohitaji kuinunua hawakuwa na fedha. Na hayo yalitokea wakati ugonjwa unapanda: mwaka 1998 wagonjwa walioripotiwa barani Afrika walikaribia 40,000, na wengi zaidi hawakufika kwenye kituo chochote cha kuwahesabu.

Kilichobadilisha mambo kilitoka pasipotarajiwa. Eflonithini ilionekana kuwa inapunguza kasi ya kuota kwa nywele, na mwaka 2000 krimu yake ya usoni kwa wanawake iliidhinishwa Marekani. Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani walikuwa wakipiga kelele kwa miaka. Sasa walikuwa na jambo ambalo gazeti lolote lingelichapisha. Mwaka 2001 kampuni ya Aventis, iliyokuwa imerithi dawa hiyo, ilikubali kuitengeneza tena na kuitoa bure, na kuahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano. Naomba msomaji asimalize kisa hiki kwa kuwalaani wenye krimu. Mwanamke aliyeinunua hakumnyang'anya mtu kitu. Kinachonitisha ni kwamba maisha ya watu wa Equateur na Bandundu, huko Kongo, yalikuwa yakining'inia kwenye uamuzi ambao hakuna taasisi iliyopewa jukumu la kuufanya. Kampuni haikuwa na wajibu, serikali ya Kinshasa ilikuwa vitani, na mashirika ya kimataifa yalikuwa na ushawishi bila kiwanda.

Mwaka 2003 likaundwa DNDi, shirika la kutafuta dawa za magonjwa yaliyopuuzwa, kujaza pengo hilo, na miongoni mwa waanzilishi wake ni taasisi yetu ya KEMRI ya Kenya, pamoja na taasisi za Brazili, India, Malaysia na Ufaransa na hao Madaktari Wasio na Mipaka. Watafiti wake walipekua kemikali zilizoachwa na kampuni kwenye makabati na kukutana na feksinidazoli, iliyotengenezwa zamani na kampuni ya Hoechst na kuwekwa kando. Fedha za majaribio zilitoka kwa serikali kadhaa za Ulaya na kwa wakfu binafsi. Utaalamu wa kutengeneza na kusajili dawa ulitoka kwa Sanofi. Wagonjwa, wauguzi na watafiti walikuwa kwa sehemu kubwa Wakongo. Mwaka 2018 ikaidhinishwa: vidonge vya kumeza kwa siku 10, badala ya sindano. Mwaka huohuo wagonjwa walioripotiwa dunia nzima walishuka chini ya 1,000. Ukitaka kuiweka dawa hii upande wa umma au upande wa binafsi, utalazimika kufumba jicho moja. Kinachofaa kuchunguzwa ni mkataba: nani alichagua ugonjwa, nani anamiliki takwimu za majaribio, bei ilipangwa kwa kanuni gani, na mmoja akijitoa, mwingine ana haki ya kuendelea? DNDi waliyajibu maswali hayo kabla ya kuanza, na ndiyo sababu nawasifu kuliko ninavyousifu ukarimu wa mfadhili yeyote.

Swali la mwisho kati ya hayo limekuwa zito zaidi siku hizi. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, majaribio ya tiba na kinga yalikatika katikati katika nchi kadhaa za Afrika, watu wakiwa wameshaanza kutumia kinachojaribiwa. Zilikuwa fedha za umma, lakini za umma mwingine, wenye uchaguzi wake na hasira zake. Nchi zetu ziliahidi kujitegemea tangu zamani. Mpango wa Lagos wa 1980 ulitaka asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye sayansi na teknolojia. Sheria ya Kenya ya 2013 ilitaja asilimia 2 kwa mfuko wa utafiti. Tanzania ina tume yake ya sayansi na teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya 1986, na mfuko wake wa MTUSATE. Ahadi hizo hazijatimizwa kwa kiwango kilichoandikwa. Najua hoja ya waziri wa fedha mwenye zahanati zisizo na dawa mezani kwake, na siidharau. Lakini nchi isiyolipia hata sehemu ndogo ya utafiti wake haiketi pale maswali yanapochaguliwa. Inaitwa baadaye, kutoa kibali na sampuli za damu.

Kuna kazi nyingi zinazosubiri mikono mipya, nami nitataja moja tu. Malale ya Afrika Mashariki, tofauti na ile ya Kongo, hujificha ndani ya wanyamapori na ng'ombe, kwa hiyo hata wagonjwa wakifikia sifuri kimelea kitabaki porini. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha mwaka 2025 kwamba ugonjwa huu si tena tatizo la afya ya jamii nchini Kenya. Kuanzia hapo mitego ya mbung'o inahitaji vitambaa vipya, hadubini inahitaji mtaalamu anayekitambua kimelea ambacho hajakiona kwa miaka, na dawa lazima ziwe stoo hata kama muda wake utaisha bila kutumika. Kampuni haina mteja, mfadhili wa nje hana mgonjwa wa kumsaidia, na afisa wa wilaya hana vifo vya kuandika kwenye ombi la bajeti. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aanze na bajeti za wilaya na kaunti zinazopakana na Serengeti na Bonde la Lambwe, aangalie kifungu cha kazi hiyo kimeandikwa kwa jina gani, na kama mwaka uliofuata bado kilikuwapo.