Kufundisha Mawasiliano na Kazi ya Pamoja katika Uuguzi: Mfano wa Kasongo na Kabambare

1. Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza namna stadi za mawasiliano na kazi ya pamoja zinavyoweza kufundishwa kwa wauguzi wanaosoma shahada za juu kwa njia ya intaneti. Aghalabu stadi hizi huchukuliwa kuwa tabia njema tu, ambayo mtu amejaliwa au hakujaliwa. Mtazamo huo una hatari. Mgonjwa anapohamishwa kutoka kituo cha afya hadi hospitali, uhai wake hutegemea pia maneno yanayosafiri pamoja naye.

2. Hali ya lugha

Katika Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, Kiswahili kilienezwa na misafara ya biashara kutoka pwani katika karne ya 19. Kasongo ilikuwa mojawapo ya ngome za Tippu Tip na watu wake, hadi ilipotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893. Kiswahili kilibaki, ilhali elimu ya uuguzi hutolewa kwa Kifaransa. Hivyo, muuguzi husikia maradhi kwa Kiswahili, huyaandika kwa Kifaransa, kisha huyaeleza tena kwa Kiswahili. Katika kila kivuko maana yaweza kupotea. Kwa mfano, neno *munganga* mara nyingi hutumika kwa daktari na kwa muuguzi pia. Mgonjwa akisema kwamba munganga amemwambia aache dawa, anayempokea hana budi kuuliza ni nani hasa aliyesema.

3. Funzo la Kasongo

Katika miaka ya 1970 na 1980, Kasongo ilijulikana kwa mradi wa afya ya msingi ulioshirikisha Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji. Vituo vya afya viliongozwa na wauguzi, nao walifuata maelekezo ya maandishi yaliyoonyesha hatua kwa hatua swali la kuuliza na uamuzi wa kuchukua. Hospitali ilipokea wale tu waliohitaji huduma zaidi. Kwetu sisi jambo la kuzingatia ni hili: kazi ya pamoja haikuachiwa hisani ya mtu mmoja mmoja. Iliwekwa ndani ya utaratibu wenyewe wa kazi.

4. Njia ya kufundisha

Utaratibu unaotumika sana leo hugawa taarifa ya mgonjwa katika sehemu nne: hali, historia, tathmini na pendekezo. Ulianzia katika jeshi la majini la Marekani kabla ya kuingia hospitalini. Tuchukue mfano wa muuguzi anayepiga simu usiku:

Hali: "Mama amejifungua saa moja iliyopita, anatokwa na damu nyingi."
Historia: "Huu ni uzazi wake wa sita."
Tathmini: "Nadhani kizazi hakijakaza."
Pendekezo: "Nimemchoma oksitosini. Tunamleta, naomba mtayarishe damu."

Anayepokea hurudia alichosikia, na mpigaji husahihisha au huthibitisha. Sehemu ya nne ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa humtaka mdogo kwa cheo amwambie mkubwa la kufanya. Heshima ikigeuka kimya, mama hupotea.

Je, haya yafundishika kwa intaneti? Kenya ilianza mwaka 2005, kupitia AMREF, kuwaendeleza wauguzi waliokwisha kuajiriwa kwa masomo ya kompyuta, bila kuwaondoa kazini. Hata hivyo, kusoma kanuni kwenye kioo hakutoshi. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wawili wawili watoe taarifa kwa sauti, wairekodi na kuitathmini pamoja. Mtandao ukiwa dhaifu, sauti hupita kwa urahisi kuliko picha. Pili, zoezi hilohilo lifanywe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili cha mahali. Tatu, alama zitolewe kwa kikundi na kwa mtu binafsi, ili asiwepo wa kujificha nyuma ya mwenzake.

5. Hitimisho

Mawasiliano ni stadi yenye sehemu zinazotajika, na kinachotajika hufundishika. Wataalamu wa Kiswahili nao wana sehemu yao: kukusanya maneno ya maradhi, dawa na vyeo vya kazi kama yanavyosemwa Kasongo na Kabambare, na kuyaweka mikononi mwa wanaofundisha wauguzi.