Mtandao unasoma, lakini hakuna kinachofunguka: tatizo huwa wapi?

Simu inaonyesha mtandao umejaa. Bando lipo, umelinunua asubuhi. Lakini ujumbe wa WhatsApp unabaki na alama ya saa, picha hazifunguki, na mnunuzi wa mahindi anasema fedha amekwisha kutuma huku kwako hakuna kilichoingia. Wasikilizaji wetu wengi hutuuliza: kama mtandao unasoma, kwa nini haufanyi kazi? Na nani alaumiwe?

Katika makala haya tunaeleza njia inayopitwa na ujumbe wako kutoka kijijini hadi unakokwenda, mahali inapoweza kukatika, na unachoweza kufanya ili usipoteze fedha wakati wa kusubiri.

Ile mistari ya mtandao inapima nini?

Mistari unayoiona juu ya kioo cha simu inapima jambo moja tu: nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na mnara ulio karibu. Haipimi kitu kingine chochote baada ya hapo. Ni kama kusimama kwenye kituo cha basi kilicho mlangoni kwako. Kituo kuwa karibu hakukuhakikishii kwamba barabara iliyo mbele haijakatwa na mafuriko.

Ujumbe wa intaneti ukitoka kwenye simu hufika kwanza mnarani. Kutoka hapo husafirishwa hadi kwenye mitambo mikubwa ya kampuni ya simu, ambayo kwa kawaida iko mijini. Kama unachokitafuta kimehifadhiwa nje ya nchi, huendelea hadi pwani na kuvuka bahari kwa mkongo uliolazwa chini ya maji. Njia hiyo ina hatua nyingi, na ikikatika hatua moja tu, simu yako inaweza kuonyesha mtandao umejaa na bado usipate kitu.

Wakati mwingine hakuna kilichokatika. Mnara una uwezo wake, na watu wakiutumia kwa pamoja kila mmoja hupata kidogo. Ndiyo maana siku ya mnada, au jioni watu wanaporudi nyumbani, intaneti huwa nzito kuliko saa kumi alfajiri.

Mnara unapozimika

Mnara hauwezi kufanya kazi bila umeme. Ulio karibu na nyaya za umeme hutumia umeme huo, ukikatika betri huchukua nafasi, na mingine ina jenereta. Mahali ambako umeme wa gridi haujafika, minara mingi hutegemea sola na betri au jenereta ya dizeli. Betri zikiwa zimechoka, mnara huzimika saa chache tu baada ya umeme kukatika. Dizeli ikichelewa kwa sababu barabara haipitiki, hali huwa hiyo hiyo. Wizi wa betri na mafuta nao huacha vijiji bila mawasiliano.

Minara mingi hutumiwa na kampuni zaidi ya moja ya simu. Kwa hiyo mkiona laini zote zimepotea kwa wakati mmoja, umeme wa mnara ni wa kwanza kushukiwa.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa vijijini hulipata zaidi kuliko wa mijini. Ukiutazama mnara vizuri utaona vyombo vya duara mfano wa ngoma vilivyofungwa juu yake. Hivyo havizungumzi na simu yako, vinazungumza na mnara mwingine. Mnara wa kijiji cha mbali mara nyingi hupeleka mawasiliano kwa mnara wa pili, huo kwa wa tatu, hadi kufika mahali penye mkongo. Wa katikati ukizimika, vijiji vilivyo nyuma yake hukosa huduma hata kama mnara wao ni mzima. Fundi anaweza kuwa kazini tangu asubuhi, lakini kwenye kilima ambacho ninyi hamkioni.

Idadi ya minara inaongezeka. Mei 2023 Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713. Hata hivyo mnara mpya nao unahitaji umeme, njia ya kupeleka mawasiliano, na fundi wa kuufikia.

Mkongo ukikatwa nchi kavu

Kati ya miji, mawasiliano hupita katika nyuzi nyembamba za kioo zilizofungwa ndani ya mkongo. Taarifa husafiri humo kama mwanga. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ni mmoja wa njia hizo, na sehemu kubwa ya mikongo hufuata barabara kuu au nguzo za umeme. Greda linalochonga barabara, mtaro wa bomba la maji au mmomonyoko wakati wa masika unaweza kuukata.

Mkongo ukikatika, kampuni hujaribu kupitisha mawasiliano njia nyingine. Kama njia ya pili ipo, utaona intaneti imekuwa nzito tu. Kama haipo, wilaya nzima hukosa huduma hadi mafundi wafike, wafukue na kuunga nyuzi moja baada ya nyingine.

Siku bahari ilipotukatia

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, watumiaji wa intaneti Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki na Kusini walijikuta na intaneti nzito au hawana kabisa. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Tatizo lilikuwa kubwa kwa sababu miezi michache nyuma, Februari 2024, mikongo kadhaa ilikuwa tayari imekatika katika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwemo. Njia ya kaskazini ilikuwa na kasoro, na sasa ya kusini nayo ikafungwa.

Mkongo wa baharini, kwenye kina kirefu, si mnene kuliko bomba la kumwagilia bustani. Sababu kubwa ya kukatika kwake duniani ni nanga za meli na nyavu za uvuvi. Mafundi hutuma mwanga ndani ya mkongo na kupima unachukua muda gani kurudi, na hivyo hujua umekatika umbali gani. Kisha meli maalumu huenda pale, huvuta ncha mbili kutoka chini, huziunga melini na kuushusha tena. Mwaka 2024 kazi hiyo ilichukua zaidi ya wiki mbili kabla ya mikongo yote miwili kurudi.

Kupiga simu kutoka Songea kwenda Singida hakuhitaji kuvuka bahari. Ndiyo maana intaneti inaweza kulala huku simu za kawaida na SMS zikiendelea.

Matengenezo ya usiku

Si kila kukatika ni hitilafu. Kampuni hubadilisha betri, huweka mitambo mipya na kusasisha programu zinazoendesha minara. Kazi kama hizi kwa kawaida hupangwa usiku wa manane kwa sababu watumiaji ni wachache. Ukipata SMS ya kampuni yako inayotaja tarehe na saa za matengenezo, isome kabla ya kuifuta. Kama una malipo ya kufanya alfajiri ya siku hiyo, yafanye jioni.

Utajuaje tatizo liko wapi?

Anza na simu yako. Hakikisha bando halijaisha na data imewashwa, kisha izime simu na kuiwasha.

Halafu muulize jirani mwenye laini ya kampuni ile ile. Kama yake inafanya kazi, tatizo liko kwenye simu yako au laini yako.

Kama hata yake haifanyi kazi, muulize mwenye laini ya kampuni nyingine. Zikiwa zimepotea zote, huenda ni umeme wa mnara. Ikiwa ni kampuni yenu peke yake, tatizo liko upande wa kampuni hiyo.

Mwisho, jaribu kupiga simu ya kawaida. Kama simu inapita lakini intaneti haipo, mnara wenu ni mzima na tatizo liko mbele zaidi.

Usitume fedha mara mbili

Huduma za fedha unazozipata kwa kubonyeza nyota na reli hazitumii intaneti. Zinaweza kufanya kazi hata intaneti ikiwa imelala, hivyo anayetumia programu ya simu ajue pia namba za menyu ya kawaida.

Hatari kubwa ni muamala unaokwama. Umetuma, ujumbe wa kuthibitisha haukuja, ukatuma tena. Mtandao ukirudi, miamala yote miwili inaweza kupita. Kabla ya kurudia, angalia salio lako na miamala ya mwisho. Ukiwa muuzaji, usitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Subiri uone salio lako limeongezeka.

Matapeli nao hupenda siku hizi. Mtu akikupigia akisema anarekebisha mtandao na anahitaji namba yako ya siri, kata simu. Fundi wa mnara hahitaji namba yako ya siri kwa kazi yoyote. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Mkilalamika, semeni nini?

Piga huduma kwa wateja kwa namba 100. Taja kijiji na kata, siku na saa tatizo lilipoanza, kinachofanya kazi na kisichofanya, na kama laini za kampuni nyingine zimeathirika. Maelezo hayo humsaidia fundi kujua aende mnara upi. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko yako na uiandike.

Wapige watu kadhaa wa kijiji, si mmoja. Tatizo likijirudia na kampuni isitoe jibu la kuridhisha, pelekeni malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, yenye ofisi za kanda zikiwemo za Mwanza, Arusha, Mbeya na Dodoma. Barua ya serikali ya kijiji yenye tarehe za kila siku mliyokosa huduma na namba za kumbukumbu ina uzito kuliko lawama za kijiweni. Anzeni kuziandika tarehe hizo leo.