Nani Anahesabu Mitupo ya Mkono Huu?

Aliingia kliniki yangu hapa Thika mkono wa kulia ameubana ubavuni, kama mtu aliyeficha yai kwapani. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Ruiru, mchezaji wa handiboli, na wikendi hiyo timu yake ilikuwa imecheza mechi tano kwa siku tatu. Nilimkunja kiwiko, nikamshika kidole gumba, nikakivuta nyuma polepole huku nikikunja na kukunjua. Katikati ya mkunjo akauma mdomo. Palepale ndipo kano ya ndani ya kiwiko hubeba mzigo wake mkubwa.

"Ulirusha mpira mara ngapi, dada?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza amepumua mara ngapi.

Hilo swali upo mchezo mmoja uliolichukulia kwa uzito, nao ni besiboli. Najua besiboli si mchezo wetu. Kutoka Kahawa hadi Juja na kupanda hadi Makongeni, mikono ya vijana huishia kwenye handiboli, voliboli na kurusha mkuki. Lakini bega na kiwiko havijui jina la mchezo, na mrushaji wa besiboli ndiye aliyepimwa na wataalamu kuliko mwanamichezo yeyote mwingine anayetumia mkono. Tukitaka kuilinda mikono ya watoto wetu, tuanzie kwake.

Mrushaji anaposukuma mpira, mfupa wa juu wa mkono huzunguka ndani ya bega kwa kasi ya nyuzi 7,000 hivi kwa sekunde. Kama ungeendelea hivyo sekunde nzima, ungekamilisha karibu mizunguko ishirini. Wakati huohuo kiwiko hupinduliwa kwa nguvu ya takriban Newton-mita 64, sawa na kilo sita na nusu zikining'inia mwisho wa fimbo ya mita moja. Sasa sikiliza: kano hiyo ikipimwa peke yake maabara, kutoka kwenye mkono wa maiti, hukatika nguvu zikifika nusu tu ya hizo. Kwa nini basi haikatiki kila mtupo? Kwa sababu misuli ya kigasha huishika na kubeba sehemu ya mzigo. Misuli ikichoka, huachilia, na kano hubaki peke yake.

Ndiyo maana mimi huogopa uchovu kuliko nguvu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walilinganisha vijana 95 waliofanyiwa upasuaji wa bega au kiwiko na wenzao 45 ambao hawakuwahi kuumia sana. Waliozoea kurusha wakiwa wamechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuwa katika kundi la waliopasuliwa. Mara thelathini na sita! Waliocheza mashindano zaidi ya miezi minane kwa mwaka, mara tano. Sijaona takwimu nyingine katika taaluma yangu inayopiga kelele namna hiyo.

Upasuaji wenyewe ulianza tarehe 25 Septemba 1974, pale Dkt. Frank Jobe alipochukua kano nyembamba kutoka mkono wa kulia wa mrushaji Tommy John na kuipandikiza kwenye kiwiko chake cha kushoto. John alirudi uwanjani mwaka 1976 akacheza hadi 1989, na upasuaji ukabeba jina lake. Wazazi husikia hadithi hiyo wakadhani ni kama kubadilisha gurudumu. Sivyo. Ni mwaka mmoja hadi mmoja na nusu wa kujifunza upya kurusha, na wapo wasiorudi kabisa.

Shida kubwa iko vyuoni. Ligi kuu ya Marekani ilishirikiana na chama cha besiboli cha nchi hiyo mwaka 2014 kutoa mwongozo: kijana wa miaka 17 au 18 asizidishe mitupo 105 kwa siku, wa 19 hadi 22 asizidishe 120, na baada yake apumzike siku kadhaa. Michezo ya vyuo vikuu haikujifunga kwa kikomo cha namna hiyo. Kocha wa chuo huajiriwa ashinde msimu huu, na mchujo wa ubingwa hubanwa ndani ya siku chache. Tarehe 30 Mei 2009, Austin Wood wa Chuo Kikuu cha Texas alirusha mitupo 169 katika mechi moja iliyorefuka kupita kiasi, ilhali jana yake alikuwa amerusha pia. Watu walisimama wakampigia makofi, na kweli ulikuwa ushujaa. Klabu ya Detroit ilimchagua mwaka huohuo. Hakufika ligi kuu.

Mfano mwingine ni Chuo Kikuu cha Rice mwaka 2004. Warushaji wake watatu, Philip Humber, Jeff Niemann na Wade Townsend, walichaguliwa na klabu za kulipwa ndani ya nafasi nane za kwanza nchini. Haikupita miaka miwili, wote walikuwa wamepasuliwa kiwiko au bega. Siwezi kusema chuo ndicho kilichowavunja. Mkono huharibiwa na mambo mengi, kasi ya mtupo ikiwa mojawapo. Lakini klabu zilijifunza. Mrushaji Paul Skenes alipokibeba chuo kikuu cha LSU hadi ubingwa wa vyuo mwaka 2023, klabu ya Pittsburgh ilimchagua wa kwanza, ikamlipa dola milioni 9.2 za kusaini, kisha ikamwacha arushe raundi zisizofika saba kwa muda wote uliobaki wa mwaka. Mwaka uliofuata alitajwa mchezaji chipukizi bora wa ligi yake. Anayelipa fedha hizo ananunua mitupo ambayo bado haijarushwa, kwa hiyo lazima aulize mingapi imeshatumika.

Nasi je? Nikitazama mashindano yetu ya shule, namna timu zinavyocheza kila siku mpaka fainali, naikumbuka Koshien, mashindano ya shule za Japani. Mwaka 2018 kijana Kosei Yoshida alirusha mitupo 881 katika mashindano hayo pekee. Taifa zima lilimlilia kwa mapenzi, na kuanzia mwaka 2020 wakaweka kikomo: mrushaji mmoja, mitupo 500 kwa wiki. Hata hiyo ni mingi machoni pangu, lakini angalau wanahesabu.

Na asiseme mtu kwamba njia ya kulipwa kwa mkono haipiti Afrika Mashariki. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasaini warushaji wawili kutoka Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Baadaye Mganda mwingine, David Matoma, akasainiwa na Pittsburgh, klabu ileile ya Skenes. Kwetu, Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia.

Wakulima wa Ruiru wananielewa upesi nikiwaeleza hivi. Mti wa kahawa ukiachwa uzae kupita majani yake, matawi hukauka kuanzia nchani, na mwaka unaofuata hupati kitu. Hakuna mkulima anayeusifu mti huo kwa ujasiri. Anapogoa, anapunguza, anauangalia.

Kwa mazoezi, ninachoagiza hakihitaji mashine. Mchezaji wa akiba aliye benchi ashike daftari na kalamu, apige mstari mmoja kwa kila mtupo wa nguvu, siku za mazoezi zikiwemo, maana mkono hautofautishi mazoezi na fainali. Kiwiko kikianza kushuka chini ya usawa wa bega, au mipira ikianza kupaa juu ya goli bila sababu, atolewe. Na wazazi, mtoto akimeza dawa ya maumivu ndipo acheze, hiyo mechi si yake.

Yule binti nilimpumzisha wiki sita, kisha tukaanza upya kwa mitupo ishirini ya taratibu. Juzi alikuja na daftari la mistari mitano mitano, limepakwa vumbi jekundu la uwanjani. Jumamosi: 64. Pembeni ya mistari minne ya mwisho alikuwa ameandika kwa penseli, "hapa nilianza kuchoka."

"Kocha alisemaje?" nikamuuliza.

"Alinitoa, daktari. Tulikuwa tunaongoza kwa moja tu, lakini alinitoa."