Maneno Yasiyopitia kwa Mzazi

Katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja, baba aliyemlea binti yake kwa mapenzi makubwa hathubutu kumtajia mambo ya unyumba, wala mama haketi naye akamweleza waziwazi. Na mgeni aonaye hayo aghalabu hudhani ya kuwa haya imewafunga vinywa, ilhali jambo lenyewe limekwisha kukabidhiwa mtu mwingine. Mtu huyo ni somo, ambaye wengine humwita kungwi: mwanamke mtu mzima, mwenye kuweka siri na kujua kusema, amfunzaye mwari usafi, hali za mwili wake na adabu za kukaa na mume, kisha siku za fungate akawa karibu na chumba cha maarusi, akipeleka chakula na kutazama kama mambo ni salama. Marehemu Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alivuma duniani kwa taarab, walakini kwao Unguja alijulikana pia kwa ukungwi.

Taratibu za jamaa zetu nyingi zimejengwa juu ya msingi huo, kwamba watu wawili wapendanao wasiachiwe mzigo wote peke yao. Mke akijifungua mimba ya kwanza, mara nyingi hurudi kwa mamake kukaa arobaini, akakandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, na mume huja kama mgeni, akapewa mtoto ampakate kitambo. Jambo hilo nadhani huwaelemea vijana wetu kuliko wanavyokubali kusema.

Penye mashaka hasa ni baina ya mkaza mwana na mavyaa wake wakaapo nyumba moja. Ugomvi wao huanza jikoni, kwa tui lililokamuliwa jepesi, au kwa chumvi iliyoongezwa chunguni mwenyewe alipogeuka kisogo. Mke mwenye akili hamshitakii mumewe, kwani kumtaka mtu ahukumu baina ya mama na mke ni kumtaka asiloliweza; bali humwendea shangazi wa mume, naye huyo akaja alasiri kama aliyefuata kahawa tu, na baada ya kikombe cha pili akasema, “Wifi yangu, hata wewe ulipoletwa kwetu tui lako lilikuwa maji, na kaka akala asiseme.” Nani mwingine angeweza kuyasema hayo yakapokelewa kwa kicheko?

Uzeeni mambo hulegea. Babu aliyekuwa mkali kwa wanawe humwita mjukuu wa kike “mke wangu”, na bibi akamwita mke mwenziwe na kumnyang’anya kitumbua. Na katika utani huo mtoto hupata pa kusemea asiyoweza kumwambia mama.

Leo mume na mke wamepanga vyumba viwili Dar es Salaam, au wako Muscat, somo yuko Unguja na shangazi yuko Tanga, nao hutakiwa wawe wapenzi, washauri na makadhi wa nafsi zao. Simu husaidia, lakini shangazi wa simuni husikia shauri la upande mmoja, wala haoni kilichomo chunguni. Nawaona wamefanya busara wale waliomtafuta huko huko ugenini jirani mtu mzima, anayeheshimiwa na wote wawili, wakamfanya ndiye shangazi, na mapema kabisa wakapatana kwamba akibisha hodi jioni, hakuna atakayeuliza ameitwa na nani.