Kwa nini zawadi ya mbao hupasuka?

Mtoto wako anataka kumpa mwalimu wake kibao cha jina cha kuweka mezani, na mmeamua kukichonga wenyewe nyumbani. Safi sana! Ila mjue kwamba mbao mbichi ina maji ya aina mbili. Yaliyo kwenye uwazi wa seli hutoka kwanza, na umbo la mbao halibadiliki. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, yaliyoshikwa na kuta za seli nayo huanza kutoka. Hapo ndipo mbao husinyaa.

Shida ni kwamba haisinyai sawasawa: kuzunguka shina husinyaa karibu mara mbili kuliko kutoka kwenye kiini kwenda gome. Mvutano huo ndio unaoipasua.

Basi chagueni kipande kisicho na kiini. Mninga unafaa, maana husinyaa kidogo. Pakeni nta pale mlipokata ncha zake, kwa sababu huko maji hutoka haraka zaidi. Kikaushieni kivulini, mkipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mpe mtoto msasa, kazi ianze. Mkiharakisha, ufa unaweza kutokea baadaye, tena katikati ya jina la mwalimu.