Marubani Hawakuelezwa Mashine Yao



Ndege za Shirika la Ethiopia hutua hapa kwetu Juba, na ndugu zetu huzipanda. Tarehe 10 Machi 2019 ndege moja ya shirika hilo, Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Baada ya dakika sita ikaanguka karibu na Bishoftu. Watu wote 157 walikufa.

Ndege ile ilikuwa na mtambo wa kushusha pua yenyewe ikionekana imeinuka mno. Mtambo ulisikiliza kipimo kimoja tu. Kipimo kikatoa habari za uongo. Marubani wakavuta pua juu, mtambo ukaisukuma chini, tena na tena. Wakaukatia umeme kama walivyoagizwa, lakini ndege ilikuwa na kasi mno, na gurudumu la kurekebisha kwa mkono likawashinda.

Miezi minne na zaidi kabla, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo ilianguka Indonesia ikaua watu 189. Marubani wa ndege hiyo hawakuwa wameelezwa kwamba mtambo upo. Kiwanda kilitaka kuuza ndege isiyodai gharama ya mafunzo makubwa.

Ndege hizo zikasimamishwa dunia nzima. Sasa mtambo husikiliza vipimo viwili, na marubani hufundishwa.

Ndugu, mashine mpya ikiletwa kiwandani au shambani, tuulize: inafanya nini yenyewe? Huzimwaje? Kipimo kikiharibika tufanyeje? Tudai mafunzo kabla haijawashwa. Kufundishwa ni haki yetu.