Ngome ya Bled: Wawili Wanapotosha

Wapenzi wengi wakitoka matembezi hurudi na picha kibao, ila hakuna la maana walilozungumza. Kama siku moja fungate au kazi itawafikisha Slovenia, basi pandeni Ngome ya Bled mkiwa wawili.

Ngome hii imekaa juu ya jabali, mita 130 hivi kutoka usawa wa Ziwa Bled. Dada, visigino virefu viache hotelini! Imetajwa kwa mara ya kwanza kwenye hati ya mwaka 1011, na maaskofu wa Brixen waliimiliki karibu miaka 800, hadi 1803. Ndani kuna makumbusho ya historia ya Bled tangu zama za shaba, na karakana inayoonyesha vitabu vilivyokuwa vikichapwa kwa mkono.

Msichokubali kukikosa ni kanisa dogo lililoko uwanja wa juu. Ukutani wamechorwa mume na mke: Heinrich wa Pili, mfalme wa Ujerumani aliyewapa maaskofu hao ardhi ya Bled mwaka 1004, na mkewe Kunigunda.

Sasa sikieni kisa chao. Hawakujaliwa mtoto. Hebu fikirieni, mfalme bila mrithi, zama zile! Kwetu hata karani wa kawaida, mwaka wa pili wa ndoa ukipita kimya, mawifi wanaanza kuhesabu miezi na shangazi anauliza, "Vipi, bado tu?"

Heinrich hakumwacha mkewe. Mwaka 1007 alianzisha jimbo la kiaskofu la Bamberg, katika mji aliokuwa amempa Kunigunda walipooana. Alipofariki mwaka 1024, Kunigunda ndiye aliyeshika mambo ya ufalme mpaka mfalme mpya akachaguliwa. Leo wamelala kaburi moja katika kanisa kuu la Bamberg, na Wakatoliki wanawaheshimu wote wawili kama watakatifu.

Kwa hiyo mkitoka kanisani hapo, tafuteni pa kukaa mkiliangalia ziwa, agizeni ile keki ya krimu inayosifika Bled, kisha mwulizane taratibu: Mungu asipotupa mtoto, mimi na wewe tunatosha?

Swali ni zito, sio siri. Lakini bora mliulizane nyinyi wenyewe mapema, kabla wifi hajawaulizia.